Sweta Lililokosekana Mkekani

Mwezi wa sita uliopita, nikiwa safarini kikazi, nilisimama mbele ya lundo la mitumba sokoni Songea, mikono nimeikumbatia kwa baridi, na muuzaji alikuwa akinyanyua nguo moja moja juu ya kichwa chake akizitaja kwa sauti: "Gauni hilo! Sketi hiyo! Sweta, sweta, njoo uone sweta!" Nikaketi kwenye ukingo wa mtaro, na mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga akaniuliza kama nina malaria. Nilimwambia nimetoka asubuhi bila chai. Ningemwambia nini? Kwamba mara ya mwisho kusikia nguo zikinyanyuliwa na kutajwa hivyo nilikuwa na miaka kumi, na kwamba siku ile nilisema uongo mmoja ambao umenikaa kooni mpaka leo?

Wewe nitakuambia, maana umekaa na huna haraka.

Tuliishi Mshangano, nje kidogo ya Songea. Siku hizo mji ulikuwa haujafika kule, na mahindi yalifika karibu na kizingiti cha mlango. Nyumba ilikuwa ya bibi mzaa mama. Tulikaa humo bibi, mama, mama mdogo na mimi. Baba alikuwa dereva wa malori ya tumbaku, tulimwona kwa nadra, na alipokuja alikuja na mkate, nasi tukamsamehe yote.

Mama alikuwa mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi. Vitabu havikutosha na picha za ukutani hazikuwapo, kwa hiyo alifundishia kitu ambacho kila mtoto alikuja nacho shuleni, yaani nguo alizovaa. Ijumaa alisimamisha darasa mstari mmoja akapita akigusa: shati, sketi, kaptula, sweta kwa aliyejaliwa kuwa nalo. Mtoto alitaja jina la Kiingereza, kisha mama alimweleza neno hilo lilizaliwa wapi. Wenye kaptula zilizotoboka walijificha nyuma ya wenzao, na mama akaanza nao makusudi, akisema hata kitambaa chenye tundu kimetoka mbali. Habari zote hizo alizipata kwenye kitabu kimoja kinene kisicho na jalada, alichopewa na sista mmoja wa Peramiho alipokuwa msichana wa shule. Nilimwona akikisoma kuliko alivyosoma kitabu cha sala, na bibi alilisema hilo kila Jumapili.

Jumapili jioni ndiyo ilikuwa siku yangu. Mama alipiga pasi nguo za wiki nzima kwa pasi ya mkaa, na mimi nilinyunyiza maji na kupepea makaa yasizimike. Jikoni kulikuwa na chungu cha maharage kikitokota, mama mdogo akichambua kisamvu, bibi akinywa togwa na kulalamikia mgongo. Nikisikia leo harufu ya kitambaa chenye wanga kikiguswa na chuma cha moto, nageuka kumtafuta mtu.

Kila nguo iliyopita chini ya pasi ilikuja na habari yake. Shati na sketi, alisema mama, ni ndugu wa tumbo moja. Zamani za kale lilikuwa neno moja tu, maana yake nguo fupi, kisha wakagawana, mmoja akapanda kifuani na mwingine akashuka kiunoni. Gauni lilianza kama joho la manyoya walilovaa watawa wazee na wagonjwa, wasife kwa baridi. Soksi ilikuwa kiatu chepesi cha Warumi, kile walichovaa waigizaji wa vichekesho. Jinzi ni jina la mji wa mabaharia huko Italia lililopindwa na ndimi za watu. Pajama ni Kiajemi, nguo ya miguu, likapita India, Waingereza wakalikuta huko wakalibeba. Na kaki, ile ya kaptula za shule, ni Waajemi haohao, ni vumbi. "Kwa hiyo mtoto akirudi na kaptula imejaa vumbi," alisema mama, "msimpige. Amerudisha neno kwao."

Bibi aliyasikiliza haya yote kwa dharau iliyojaa furaha. Siku moja aliweka kikombe chini akasema, "Ala! Kumbe hata maneno yao ni mitumba?" Mama alicheka mpaka akaunguza mkono wa shati la baba.

Mama mdogo yeye hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na miaka kama ishirini hivi, mpole, mwepesi wa kazi, na kitu kimoja tu alikitamani nyumbani mle: sweta la mama. Lilikuwa la kijani kibichi, la kufungwa vifungo mbele, zito, baba alilinunua safarini Mbeya. Mama mdogo alikuwa na kanga mbili za kujifunika, na baridi ya Songea haijui mnyonge. Kila lilipofika chini ya pasi alilipapasa na kusema, "Dada, siku ukifa hili ni langu." Mama alimjibu, "Basi utasubiri sana." Wakacheka wote wawili. Shangazi, dada yake baba, alikuwapo siku moja waliposema hivyo, na yeye hakucheka.

Neno sweta, kama hukujua, linatokana na jasho. Vijana wa Ulaya walilivaa wakifanya mazoezi ili watoke jasho na kupunguza mwili. Bibi alishindwa kabisa kuelewa hilo. "Mtu atafute jasho kwa kuvaa nguo? Hawana mashamba?"

Mwaka ule mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha, mama alianza kuugua. Alilazwa hospitali ya Peramiho, akarudi, akalazwa tena, akarudi. Homa ilimpanda kila alasiri. Alitetemeka, tukamvika sweta, na baada ya muda jasho lilimtoka mpaka sufu ikalowa. "Unaona?" aliniambia, meno yakigongana. "Sasa ndiyo linafanya kazi yake." Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Mama mdogo ndiye aliyemgeuza kitandani, ndiye aliyemlisha uji, ndiye aliyemwosha. Nataka ukumbuke hilo, maana siku ilipofika hakuna aliyelikumbuka, hata mimi.

Mama alikufa wakati tunavuna.

Kwetu nguo za marehemu hazikai ndani. Siku ya kuondoa matanga hufuliwa, huanikwa, kisha hutandazwa mkekani, na ndugu wa pande zote mbili hugawiwa. Mmoja wao hunyanyua kila nguo na kuitaja ili asiwepo wa kusema amepunjwa au amefichwa. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Imezuia ugomvi katika nyumba nyingi. Kazi ya kufua alipewa mama mdogo, na mimi niliambiwa nimsindikize.

Tulishuka kijitoni mapema. Alifua kwa sabuni ya mche, polepole, bila kuimba, na alipomaliza alizitandaza nguo juu ya majani. Nilizijua zote. Jua lilipopanda alichukua mablanketi akashuka nayo chini kidogo penye maji mengi, akaniambia nikae na nguo. Nilikaa. Nilitazama sweta la kijani likiwa limelala na mikono yake wazi, na nikaelewa kitu ambacho watu wazima walikuwa wameogopa kunieleza, kwamba kufikia jioni mama atakuwa amegawanywa. Kichwa changu hakikufika mbali zaidi ya hapo. Nililikunja, nikalificha tumboni chini ya gauni langu, nikakimbia kwa njia ya mashambani mpaka nyumbani. Nyuma ya jiko palikuwa na kihenge cha bibi, ghala la matete lililosimama juu ya vigingi, siku hizo limejaa mahindi mapya mpaka juu. Chini kilikuwa na kidirisha kidogo. Nililisukuma sweta humo, ndani kabisa katikati ya mahindi yasiyopukuchuliwa, nikarudi kijitoni kabla mama mdogo hajapandisha blanketi la kwanza. Nguo zilipokauka alizikumbata zote kwa pamoja kwenye karai, bila kuzihesabu.

Alasiri mkeka ulitandikwa uani. Shangazi ndiye aliyeshika shughuli. Alikuwa mwanamke wa haki, hilo nalo siwezi kumnyima. Alinyanyua gauni la maua akalitaja, likaenda kwa dada mwingine wa baba, na mimi nilimsikia mama ndani ya masikio yangu akisema habari za watawa wazee na baridi yao. Alinyanyua sketi ya kazini, ikaenda upande wa bibi, na shati jeupe likaenda upande wa baba, nikaona wale ndugu wa tumbo moja wanatenganishwa. Soksi. Shali. Pajama ambayo mama aliishonea hospitali. Kila jina lilipotajwa na kuondoka, nilishika pindo la gauni langu nikisubiri watu wamalize, nikiomba Mungu wamalize.

"Na lile la kijani?" akauliza shangazi.

Mkeka ulikuwa mtupu.

"Nimelifua," alisema mama mdogo. "Nimelianika kwa mikono yangu."

"Tunajua umelifua. Liko wapi?"

Mwanamke mmoja nyuma alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba nguo ya marehemu haipotei hivihivi, anayeichukua ana kazi nayo kwa waganga. Unajua neno kama hilo linavyoingia katika watu. Shangazi akasema wazi kwamba yeye mwenyewe alimsikia binti huyu akisema dada yake akifa sweta ni lake. Wakaleta furushi la mama mdogo kutoka ndani, wakalifungua mbele ya wanaume na watoto, wakatoa kanga zake mbili, wakatoa hata nguo zake za ndani, wakazikung'uta moja moja. Hawakupata kitu.

"Muulizeni mtoto," alisema mama mdogo. Sauti yake ilikuwa bado imara, maana alikuwa na shahidi. "Tulikuwa naye kijitoni tangu asubuhi. Muulizeni."

Shangazi aliniinamia, akaniwekea mkono begani kwa upole. "Mwanangu, umeliona sweta la mama yako?"

Nilijua kwamba nikisema ndiyo litaletwa mkekani, litanyanyuliwa, litatajwa, litaondoka. Hayo tu ndiyo niliyoyafikiria, naapa. Nikasema, "Sijaliona, shangazi."

Mama mdogo hakulia. Alinitazama, kisha akapiga magoti akaanza kukunja nguo zake mbele ya wale watu, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uleule aliokunja nguo zetu siku zote. Baada ya siku chache aliondoka. Tulisikia yuko Lusewa, ameolewa na mkulima wa makamo aliyefiwa na mke. Bibi hakumsindikiza hata hadi barabarani. Alisema ana mtoto mmoja tu, na huyo amekwisha kumzika.

Na sweta? Nilisubiri mpaka watu waondoke, nikaingiza mkono kwenye kidirisha, nikalivuta, nikazika uso ndani yake. Lilinuka sabuni ya mche na mahindi. Mama mdogo alikuwa amelifua vizuri mno. Mama hakuwamo. Nililinusa kwapani, nikanusa shingoni, nikanusa kwenye kila kifungo kama mbwa, na hakuwamo. Ningeweza kulitoa siku ile ile. Ningeweza kumkimbilia mama mdogo kabla hajafunga furushi. Nililirudisha kwenye kihenge, nikaenda kula ugali.

Kisha zikaja siku za bibi kupunguza mahindi. Alichota juu, debe kwa debe, na kila wiki nilipanda kuchungulia nikaona usawa unashuka. Ilifika mahali silali. Nilimwambia bibi sipendi ugali, nile kidogo, mahindi yasiishe. Akadhani nina huzuni, akanipikia viazi. Mvua zilipochanganya nilijipa moyo nikaingiza mkono, na kilichotoka kilikuwa nyuzi. Panya walikuwa wamelitafuna na kuzalia humo, vifungo vinne vikining'inia, na watoto wa panya wekundu wakilia. Nilikibeba kile kilichobaki kwa kijiti nikakitupa chooni. Bibi alinikuta natapika akanichemshia majani ya mpera.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Aliugua muda mrefu, na mara nyingi tulikaa peke yetu, mlango umefungwa, hakuna wa kutusikia. Hakumtaja mama mdogo hata mara moja na mimi sikumtaja. Shangazi alifuata, kisha baba. Kitabu cha mama kililiwa na mchwa juu ya kabati, tukachoma mabaki. Mimi nikasoma, nikapata kazi Dodoma, nikawa mtu wa kuheshimika anayeongoza vikao. Siku hizi naweza kutafuta neno lolote kwenye simu, na nimeyatafuta yote: gauni, soksi, pajama, kaki, sweta. Yote yamo, na mama hakukosea. Simu inanipa kila kitu isipokuwa sauti iliyokuwa ikiyasema, na hiyo nimeipoteza. Najua maneno aliyosema, lakini siisikii tena sauti yake. Nimejaribu gizani na mchana, siisikii.

Siku ile ya sokoni, nilipoweza kusimama, nilikwenda moja kwa moja stendi nikauliza magari ya Namtumbo. Sikujua kama mama mdogo yu hai. Kutoka Namtumbo nilichukua bodaboda hadi Lusewa, nikauliza nyumba kwa nyumba, na njia nzima nilirudia sentensi moja: Ni mimi niliyelichukua, niliongopa mbele ya watu. Nilikuwa tayari anifukuze. Nilikuwa nikitamani anifukuze.

Alikuwa ameketi mkekani mlangoni, amejifunika blanketi, anapukuchua mahindi. Binti yake, mama mtu mzima sasa, alinitangulia kumwinamia sikioni na kumtajia jina la mama yangu. Nikapiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka kabla sijasema nililojia. "Mwanangu, umekuja. Nisamehe. Lile sweta la mama yako nililichukua mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa na baridi," alisema. "Nikalificha kwenye shimo la migomba, nikarudi usiku kulichukua. Nilimwibia dada yangu amelala kaburini."

"Hapana, mama. Ni mimi. Mimi ndiye niliyelificha, kwenye kihenge cha bibi."

Akanipapasa shavu. "Una moyo wa mama yako. Ulikuwa mtoto, usinibebee."

Nikamwambia tena. Nilimweleza kijito, majani, gauni langu, kidirisha, panya, choo, kila kitu kwa mpangilio wake, nikipaza sauti kama mtu anayegombana. Alinisikiliza akitikisa kichwa taratibu kwa huruma. Nikamgeukia binti yake nikamwapia kwamba ninayosema ni kweli tupu. Binti alinitazama kwa macho ya shukrani, kama mtu anayemwona mgeni mwenye adabu. "Dada, usihangaike," alisema. "Sisi tunajua. Kila Kwaresima anamwambia padre. Tangu kumbukumbu zianze kumpotea, hilo ndilo pekee halimpotei."

Niliwatafuta kichwani watu wote waliokuwa uani siku ile, mtu mmoja tu ambaye ningeweza kumleta pale aseme mama huyu hakuiba. Shangazi hayupo, bibi hayupo, baba hayupo. Kihenge kilishavunjwa, na pale palipokuwa uani kwetu kuna nyumba za watu nisiowajua. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua kwamba hana kosa, na mimi siaminiki.

Mama mdogo alinishika mikono kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Umekuja kunikatalia msamaha?" aliuliza. "Nikifika kwa dada yangu nitamwambia nini, kama hata wewe umenikatalia?"

Binti yake aliinama karibu yangu akaniomba, kwa unyenyekevu kabisa, nimsamehe mama yake apate kupumzika.

Nikasema, "Nimekusamehe, mama."

Akanishukuru.